Ebola, kompyuta na majina ya Butembo

Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikamalizika 25 Juni 2020. Wagonjwa walikuwa 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Watu wa Beni, Mangina na Butembo wanakumbuka wale waliopita nyumba kwa nyumba wakiuliza: nani alimgusa mgonjwa? Nani alikuwa kwenye mazishi?

Majibu yale ndiyo chakula cha kompyuta. Kila aliyegusana na mgonjwa anaandikwa, kisha anafuatwa siku 21. Programu kama Go.Data ya Shirika la Afya Duniani (OMS) inaunganisha majina na kuchora mnyororo wa nani alimwambukiza nani. Maabara ya taifa, INRB, nayo inasoma urithi wa kirusi chenyewe. Ndivyo ilijulikana, mwaka 2021, kwamba Ebola iliyorudi upande wa Butembo haikutoka porini upya: ilikuwa mtoto wa ile ya kwanza. Mara hiyo wagonjwa walikuwa 12, sita wakafa.

Akili bandia inataka kwenda mbali zaidi, ni kusema itabiri. Tarehe 31 Desemba 2019, kampuni BlueDot ya Canada iliwaonya wateja wake juu ya ugonjwa wa mapafu kule Wuhan, sababu programu yake inasoma habari za lugha nyingi kila siku. Lakini Google nayo ilianza mwaka 2008 kuhesabu mafua kwa kuangalia mambo watu wanatafuta kwenye intaneti. Msimu wa 2012-2013 ilizidisha hesabu vibaya sana, na mwaka 2015 kazi ile ikafungwa.

Kwetu shida inaanzia chini zaidi. Kwa Wanande, Kambale ni mtoto mwanaume wa pili. Andika "Kambale, Butembo" bila jina lingine, bila avenue wala namba ya simu: mashini itamjua yupi? Inaweza kufanya watu wawili kuwa mmoja.

Tena kuna wale wasioandikwa kabisa. Wakati wa Ebola ile, wagonjwa wengi wapya hawakuwa kwenye orodha yoyote. Wengine waliogopa kupelekwa kituoni, wengine walianzia kwa waganga wa mtaani ao kwenye dispanseri ndogo, na huko wakaambukiza wengine. Programu haiwezi kumfuata mtu ambaye familia yake haikumtaja.