Waliitwa kanari, wakanyimwa kura

HAKI na wajibu huandamana katika hotuba zetu kama chanda na pete. Wanafunzi wangu huniambia ukilitaja neno moja, umelitaja na la pili. Mimi huwajibu: ngoja kwanza tuiulize historia.

Mnamo 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, jeshi la Uingereza lilipungukiwa makombora. Serikali iliunda wizara maalumu ya silaha chini ya David Lloyd George, na wanawake wakaitwa viwandani. Waliitwa kwa lugha ya nyumbani: mumeo, kaka yako, mwanao yuko vitani, je, apigane mikono mitupu? Nani angekataa? Kufikia mwisho wa vita, takriban wanawake milioni moja walikuwa wakitengeneza silaha, mara nyingi kwa ujira mdogo kuliko wa wanaume.

Waliojaza kilipuzi cha TNT kwenye makombora waligeuka rangi ya manjano, ngozi hata nywele. Wakapewa lakabu ya kanari, yule ndege mdogo wa manjano anayeimba. Jina tamu, sivyo? Kumbe umanjano ule ulikuwa dalili ya sumu inayoshambulia ini, na zaidi ya wanawake 100 walifariki kwayo. Sisi wanaisimu tuna istilahi ya lugha ya namna hii: tasfida. Tasfida hupunguza ukali wa jambo, lakini pia inaweza kumfichia mtu madhara yanayompata mwenzake.

Mahali pengine hapakuwa na tasfida, palikuwa na kimya tu. Usiku wa Desemba 5, 1916, mlipuko uliwaua wanawake 35 katika kiwanda cha Barnbow, karibu na Leeds. Serikali ilizuia magazeti kueleza kilichotokea. Wenzao walirudi kazini.

Basi haki ilikuja? Sheria ya 1918 iliwapa kura wanawake waliotimiza miaka 30, tena kwa masharti ya mali. Wengi wa wasichana wa viwandani hawakuwa wamefikisha umri huo. Mwanamume alipiga kura akiwa na miaka 21, na aliyetumikia vitani aliruhusiwa hata akiwa na 19. Yaani kijana aliyefyatua kombora alihesabiwa mtu mzima, ilhali dada yake wa miaka 25 aliyelijaza akaambiwa angoje. Usawa wa kura ulingojwa hadi 1928. Asante ya punda hiyo.

Hoja yangu ni kwamba wajibu hauzai haki wenyewe. Lugha ya uzalendo ina ufasaha mwingi wakati wa kuita watu, lakini wakati wa kulipa hushikwa na kigugumizi. Kwa hivyo, msomaji wangu, anayekuita shujaa mwulize papo hapo: na jina hilo limeandikwa wapi, katika shairi au katika sheria?