Kitufe cha P-SCAN na Sauti ya Baba

Wasee, wiki hii hakuna simu wala earphone. Tunaongea juu ya ile mashine iko kwenu sebuleni juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna mtu ameigusa tangu mpate smart TV. DVD. Najua mnacheka. Chekeni tu, lakini mimi hiyo mashine iliwahi kunipigisha viboko, na mwaka huu imenifanya nilie, kwa hivyo acha nieleze.

Kwetu ni Sindo. Kama hujui Sindo, shuka Mbita halafu ufuate ziwa ukielekea upande wa Karungu na Sori, milima ya Gwasi ikiwa mbele yako. 2010 nilikuwa na miaka minane. Baba alirudi kutoka Homa Bay na boksi, na kwa hilo boksi kulikuwa na maandishi makubwa ya rangi ya dhahabu: Progressive Scan. Chini yake 5.1 Channel. Baba hakusoma hata moja. Mama anasema dukani aliuliza maswali mawili tu: inasoma sidii iliyokwaruzika, na itafanya kazi kwa inveta? Aliambiwa ndiyo na ndiyo, akalipa.

TV yetu ilikuwa Great Wall ya inchi 14, ile ndogo ya kutumia betri ya gari. Stima ilikuwa haijafika bomani kwetu, kwa hivyo betri ilibebwa kwa baiskeli kila baada ya siku chache ikachajiwe sokoni. Siku ya tatu nikabaki na rimoti peke yangu. Kulikuwa na kitufe kimeandikwa P-SCAN. Mtoto wa miaka minane akiona kitufe hajui, anafanya nini? Nilibonyeza. Picha ikakatika vipande, ikaanza kukimbia, halafu giza. Nikazima nikawasha. Giza. Nikatoa waya nikarudisha. Giza.

Viboko nilivipata jioni. Deki ikapakiwa kwa boda boda hadi kwa fundi, ikakaa siku mbili, ikarudi ikiwa sawa. Shilingi 600. Fundi alisema lenzi ilikuwa imeisha nguvu. Shilingi 600 wakati huo ilikuwa pesa ya omena ambayo Mama alikuwa ameanika juani siku kadhaa.

Miaka tisa baadaye niko chuo (kabla sijaacha, hiyo ni stori ya siku ingine) ndio nikasoma jinsi picha ya TV inavyochorwa, na katikati ya leksha nikajua fundi alifanya nini. Alibonyeza P-SCAN tena. Basi.

Hebu tuelewe hicho kitufe, maana bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini watu wengi walinunua vitu ambavyo hawakuwahi kutumia.

BBC ilipoanza kurusha TV mara kwa mara kutoka London mwaka 1936, shida ilikuwa nafasi hewani. Ukituma picha nzima mara nyingi kwa sekunde, unakula masafa mengi sana. Ukituma chache, skrini inapepesa mpaka macho yanauma. Ujanja waliotumia ni kugawa picha: kwanza tuma mistari nambari 1, 3, 5, 7 mpaka chini, halafu rudi ujaze 2, 4, 6, 8. Jicho linadanganyika linaona picha moja. TV ilipofika Kenya mwaka 1962 ilikuja na huo ujanja, na mpaka analojia inazimwa tulikuwa bado nao. Kwenye mfumo wetu wa PAL, mistari ya picha ni 576, nusu picha 50 kila sekunde. Kila kitu ulichowahi kuona kwa Great Wall kilikuwa nusu nusu.

DVD ikaingia sokoni Japani Novemba 1996, Marekani 1997. Kabla yake tulikuwa na kanda za VHS, na VCD, zile ambazo filamu moja inakuja na sidii mbili. Unafika pale jambazi amemshika dada ya staa, skrini inabaki bluu, mtu anainuka kubadilisha. DVD ya kawaida ilibeba GB 4.7, filamu nzima, picha safi.

Lakini hata hiyo picha safi ilikuwa inatoka kwa mashine ikiwa nusu nusu, kwa sababu TV za dunia nzima zilijua lugha hiyo tu. Wamarekani wenye pesa walipoanza kununua TV kubwa za kisasa mwishoni mwa miaka ya tisini, ile mistari ikaanza kuonekana. Ndio kufikia 1999 na 2000, kampuni kama Toshiba na Panasonic zikaleta deki ambazo zinaunganisha zile nusu mbili ndani kwa ndani na kutoa picha nzima, mistari yote kwa mpigo. Hiyo ndiyo Progressive Scan. Kwa filamu ni kazi rahisi, maana filamu ilipigwa picha nzima nzima, 24 kwa sekunde. Deki inarudisha tu kilichokatwa. (Sisi wa PAL tulikuwa tunaziona kwa 25, kwa hivyo filamu ya dakika 100 kwetu iliisha kwa 96. Tumekuwa tukiona Jackie Chan akipiga watu haraka kuliko alivyopiga.)

Sasa hapa ndipo stori ya boksi la Baba inaingia. Hiyo picha nzima haiwezi kupita kwa ule waya wa njano tunaoujua wote. Inahitaji zile waya tatu, kijani, bluu na nyekundu, au HDMI, na TV inayoielewa. Ukiwa na waya wa njano na Great Wall halafu ubonyeze P-SCAN, deki inaanza kutema kitu ambacho waya haubebi. Giza. Mashine haijaharibika, imehama tu mlango.

Na kwa nini kitu cha matajiri kikaandikwa kwa boksi la mvuvi wa Sindo? Kwa sababu kufikia hapo kilikuwa hakigharimu chochote. Kampuni kama MediaTek ya Taiwan zilikuwa zinauza chipu moja inayofanya karibu kila kitu, na viwanda vya Uchina vilikuwa vinaifungia kwa bati na kubandika jina lolote. Mwaka 2000 huko Marekani, deki moja ya bei nafuu iliyotengenezwa Uchina, Apex AD-600A, ilivuma kwa sababu ilisoma MP3 na ilikuwa na menyu iliyofichwa ya kuzima mipaka ya DVD. Mipaka gani? Dunia iligawanywa kanda: Marekani 1, Ulaya 2, na Kenya tukawekwa 5 pamoja na India na Urusi. Shangazi akikutumia DVD halali kutoka Minnesota, mashine inaikataa. Zile za Uchina hazikujali, zilimeza zote. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo teknolojia ya maana iliyofika Sindo, na haikuandikwa popote kwa boksi.

Maana tuwe wakweli, sisi tulichagua DVD vipi? Hakuna aliyeuliza mistari. Unakuja dukani na sidii yako mbaya kuliko zote, ile yenye mikwaruzo, ya filamu ishirini kwa moja, unasema weka hii. Ikikwama, rudisha kwa shelfu. Unaangalia kama ina tundu la USB, kwa sababu flashi haikwaruziki. Unaangalia inakula umeme kiasi gani, maana betri ni pesa.

Walionifundisha haya ni watu wa video show. Pale kwetu ilikuwa banda la mabati, viti vya mbao, shilingi kumi. Biashara ilifuata mwezi. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hivyo mbalamwezi ikiwaka wavuvi wako nchi kavu, na banda linajaa mpaka watu wanasimama dirishani. Filamu nyingi zilikuwa zimetafsiriwa na DJ Afro. Mzee wa banda, tulimwita jaduong' na hakuna aliyethubutu kumwita kitu kingine, alikuwa na deki tatu zilizopangwa juu ya nyingine. Mbili zilikuwa za kutolewa vipuri. Hakuwahi kuwa na TV ya maana. Alikuwa na wufa ya maana, kwa sababu alijua mteja wake anakuja kusikia DJ Afro, picha ni mboga.

Halafu 2015 Februari, analojia ikazimwa. Mnakumbuka zile wiki Citizen, NTV na KTN zote zilikuwa giza? Wasio na king'amuzi waliachwa nje. Kwetu, deki ndiyo iliyobaki ikiongea. Baba hakuwepo kuiona hiyo. Alituacha 2014.

Sasa mwaka huu.

Dana, mama ya baba, alizikwa 2010, miezi michache baada ya deki kununuliwa. Familia ilichanga ikaita mtu wa kamera, kama watu walivyokuwa wanafanya, na kila nyumba ikapewa DVD moja yenye picha ya Dana kwenye kava. Kwenye hiyo DVD Baba anasimama anaongea kwa niaba ya watoto. Ndiyo video pekee tuliyo nayo ya sauti yake. Hatukuwa na simu ya kurekodi, na alipoondoka yeye mwenyewe hakukuwa na pesa ya kamera. Mama alitoa hiyo sidii Aprili akaniambia, wewe si ndio wa mitandao, nitolee hii sauti.

Deki ya Baba haiwaki tena. Nikaenda kutafuta nyingine. Sokoni nilipata mbili. Ya kwanza mpya, nyembamba, ina HDMI, stika ya 1080p, na maandishi yale yale ya dhahabu. Shilingi 3,500. Ya pili ya mtumba, nzito, kava imepauka, waya wa njano tu. 1,000. Nikafanya kama jaduong': nikatoa sidii ya matanga, nikaomba wajaribu zote kwa TV yao ya kisasa.

Mpya iliisoma, baada ya kukohoa kidogo. Watu waliosimama walionekana vizuri. Lakini yeyote aliyesogea aliota meno, kama kitana pembeni ya mkono. Hii sikuitarajia, ikabidi nifikirie. Kamera ya matanga haikuwa filamu. Ilirekodi nusu nusu kweli, na kati ya nusu ya kwanza na ya pili mkono umeshasogea. Ukiziunganisha tu kama filamu, unapata mkono mara mbili kwa mistari inayopishana. Deki nzuri za zamani zilikuwa na chipu ya kutambua tofauti na kulainisha. Hii ya stika iliunganisha tu kila kitu, haikuuliza.

Ile ya 1,000 ilituma nusu zake kama zilivyo kwa waya wa njano, TV yenyewe ikafanya hesabu, na meno yakaisha. Rangi zilikuwa na ukungu kidogo, lakini mkono ulikuwa mkono. Mwenye duka alishangaa nikichukua hiyo. Aliniambia, kijana, hii ni ya wazee.

Kama nyumbani mna sidii kama hii, harusi, matanga, ubatizo, chochote, msingoje. Sidii za kuchomwa kwa kompyuta zina rangi ndani inayokufa polepole, hata ikiwa haijakwaruzwa. Usirekodi TV kwa simu tafadhali. Tafuta laptop yenye tundu la DVD, ama kile kisomaji cha nje cha USB, weka sidii, fungua folda inaitwa VIDEO_TS na unakili mafaili yote kama yalivyo. Za matanga hazifungwi kama za Hollywood, zinanakilika tu. Weka mahali pawili. Kulainisha mistari utafanya baadaye kwa programu ya bure, na itafanya vizuri kuliko deki yoyote iliyowahi kuuzwa Sindo.

Nilinakili kwanza, halafu nikafunga ile ya 1,000 kwa TV ya Mama ili aone. Ilikwama dakika ya 41, kwaya ya kanisa ikarudia neno moja kama mara kumi. Nikafikia rimoti. Mama akasema acha, usibonyeze kitu, wewe na hizo rimoti. Tukangoja. Ikajitoa yenyewe.

Baba akasimama. Suti ya kuazima, imemzidi mabega. Akasafisha koo, akasalimia wageni kwa Dholuo, akaanza na wale waliotoka mbali, wa Mfangano, wa Rusinga, kisha wa ng'ambo ile ya Migori. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa na kigugumizi kidogo kwenye salamu.

Mama akaniambia niongeze wufa.