Mashine ya pamba, mashine ya chai

Chamgei wasee wangu wa Litein, Kapkatet, Roret, na nyinyi mlioko Nairobi mkijifanya hamjui kuchuma majani. Leo tunaongea kuhusu Marekani. Usitoke, tutarudi nyumbani.

Mama yangu alichuma chai kwa shamba la kampuni miaka kumi na moja. Siku moja wakaambiwa sehemu yao sasa itachumwa na mashine. Tukarudi kwa kogo na godoro, sufuria mbili na gunia la nguo. Nilikuwa darasa la sita. Kwa hivyo niliposoma historia ya pamba ya Mississippi, niliisoma kama barua ya kwetu.

Utumwa Marekani uliisha 1865. Januari mwaka huo, Jenerali Sherman aliamuru familia za waliokuwa watumwa zigawiwe hadi ekari 40 kila moja, kwa ukanda wa pwani ya kusini. Mwaka haukuisha. Rais Andrew Johnson akaagiza mashamba mengi yarudishiwe mabwana wa zamani. Wengi wakabaki kulima shamba la mtu mwingine, wanagawana mavuno naye, na deni la duka linameza fungu lao. Uhuru walipata, shamba hawakupata. Shika hiyo.

Oktoba 1944, kwa shamba la Hopson karibu na Clarksdale, watu walikuja kutazama mashine mpya ya kuchuma pamba. Mchumaji hodari alikuwa anafanya kama kilo 9 kwa saa. Mashine ilifanya kama 450. Piga hesabu: watu hamsini, saa moja. Miaka ya sitini ikiisha, karibu pamba yote ya Marekani ilikuwa inachumwa na mashine.

Watu walienda wapi? Wengi walikuwa wameshaanza kuhama, wakikimbia ubaguzi na kuuawa ovyo. Mashine ikawasukuma waliobaki. Kati ya miaka ya 1910 na 1970, Wamarekani weusi kama milioni sita walitoka kusini wakaenda Chicago, Detroit, New York. Huko kulikuwa na viwanda, na kulikuwa na kura. Mississippi walizuiwa kupiga kura. Chicago 1928 walimpeleka Oscar De Priest Kongresi. Kule kusini sheria ya kulinda kura yao ilikuja 1965. Halafu viwanda navyo vikaanza kufungwa, na mtaa ukabaki na watu bila kazi. Ukikosa mali, kila badiliko linakukuta umesimama nje.

Sasa turudi Kericho. Serikali ya mkoloni ilichukua ardhi ya Wakipsigis, na ukoo wa Talai ukahamishwa Gwassi kwa sheria ya 1934. Chai ya makampuni ilishika mizizi hapa miaka ya ishirini. Mei 2023, watu walichoma mashine za kuchuma chai. Hasira naielewa, nimelala kwa hiyo hasira. Lakini mashine ni chuma tu. Mwenye kuiamrisha ni mwenye shamba.

Angalia upande huu wa ua. Zamani Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai. Mlango ulifunguka miaka ya hamsini, na 1964 KTDA ikaundwa. Leo wakulima wadogo ni zaidi ya laki sita nchini, na kiwanda cha Litein kinasaga majani yao. Mama sasa anachuma nusu ekari ya kogo. Juzi jirani alileta mashine ndogo ya mkono. Mama akaicheka, akaijaribu, akamaliza mapema, akaenda chama. Mashine ileile iliyomfukuza kule, hapa ilimpa mchana wake.

Sisemi kwetu ni asali. Bonasi inapanda na kushuka, na nusu ekari ukiigawanya kwa ndugu wanne inabaki kaburi na choo. Wengine hawana hata hiyo. Na sisi hatuna Chicago: Nairobi hakuna kiwanda kinachotungoja mlangoni.

Ndiyo maana naona tunapigana vita visivyo vyetu tukizungumzia mashine peke yake. Katiba ya 2010 ilishusha ukodishaji wa ardhi kwa wageni kutoka miaka 999 hadi 99. Miaka hii mashamba yameuzwa kutoka kampuni ya ng'ambo moja hadi nyingine. Ni mzee gani, ni kijana gani wa hapa aliulizwa? Tudai hisa za wachumaji, tudai ardhi, tuulize wagombea maswali hayo kabla ya kuwabeba mabegani.

Weusi wa kusini waliahidiwa ekari 40, na mashine ikawakuta wengi wao hawana hata moja. Sisi bado tuna mashina machache. Kwenu mna mangapi, na hati iko kwa jina la nani? Uliza leo jioni mkinywa chai.