Njia ya Pembe, Kasongo hadi Unguja

Ukitoka Kasongo kuelekea mashariki, ukapita nchi ya Wamaza hadi Kabambare, unafuata njia ya wapagazi wa mfanyabiashara Tippu Tip. Wao waliendelea hadi Ziwa Tanganyika, wakavuka kwenda Ujiji, kisha Tabora, na pembe zikaishia Bagamoyo na Unguja. Pembe zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Pembe ya frasila mbili ilitosha kumpinda mgongo mtu mzima, na wengi waliozibeba walikuwa watumwa.

David Livingstone alikwama Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, tangu katikati ya 1870 hadi mwanzoni mwa 1871, akiuguza vidonda vya miguu. Kabla ya watu wa pwani kuingia, tembo huku aliuawa kwa ajili ya nyama. Pembe nyingine ziliozea porini, nyingine zikasimikwa kuwa miimo ya milango. Habari hizo zilipofika Ujiji, misafara ikafuatana. Katikati ya miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed, Tippu Tip mwenyewe, akaweka makao Kasongo.

Hata hivyo, wanunuzi wa mwisho walikuwa mbali zaidi ya Unguja. Huko Connecticut, Marekani, kuna mji uitwao Ivoryton, jina lililotokana na pembe. Viwanda vya hapo vilizipasua kuwa vibao vyembamba, ambavyo vilianikwa juani hadi vikawa vyeupe, kisha vikabandikwa kwenye vibonyezo vya piano.

Majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yaliteka Kasongo Aprili 1893 na Kabambare Januari 1894. Tulifundishwa kwamba vita vile vilikomesha biashara ya Waarabu. Sawa, lakini tembo hakupata nafuu yoyote: pembe ziligeuzwa njia tu, zikateremka Mto Kongo kwenda Antwerp.

Mwaka 1973 ulitiwa saini CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao mwaka 1989 uliamua kupiga marufuku biashara ya pembe kati ya nchi na nchi. Magendo hayakukoma. Mwaka 2021 tembo wa msituni alitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, baada ya kupungua kwa zaidi ya asilimia 86 katika miaka 31. Naye huzaa polepole mno: mimba miezi 22, na majike wengi huzaa mara ya kwanza wakiwa wamepita miaka 20.

Maniema, mkoa wenye Kasongo na Kabambare, sasa ina sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyotangazwa 2016, karibu kilomita za mraba 9,000. Ni hatua njema. Lakini anayekamatwa porini mara nyingi ni mwindaji maskini. Serikali imfuate pia anayempa risasi, na nchi zinazopokea pembe ziwafunge wanunuzi.