Saa nne za safari

Nimerudi kutoka Bariadi, vumbi bado liko kwenye begi. Nilikwenda kwa habari za pamba, nikaishia chumba cha leba. Mkunga wa zahanati alinionyesha karatasi ya zamani, partografu: chini saa, pembeni sentimita za njia ya uzazi kufunguka, na mistari miwili inayopanda sambamba. Nikarudi kuitafutia historia. Kumbe mistari ile ni ya hapahapa Afrika!

Ni hivi. Mwaka 1954 daktari Emanuel Friedman wa New York alianza kuchora uchungu kwenye grafu, na 1955 akachapisha grafu ya wazazi wa kwanza 500. Lakini ilikuwa picha tu. Haikumwambia mkunga wa kijijini ni saa ngapi ampeleke mama hospitali. Hilo lilikuja 1972, Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako Hugh Philpott na W. M. Castle waliwafuatilia wazazi wa kwanza 624. Wakachora mstari wa tahadhari, sentimita 1 kwa saa. Mama akiuvuka, asafirishwe. Mstari wa pili, wa kuchukua hatua, wakauweka saa 4 mbele. Kwa nini 4? Za safari! Yaani barabara imechorwa ndani ya karatasi ya uzazi.

Walianza na mzazi wa kwanza kwa sababu nyonga yake haijajaribiwa. Mtoto akikwama, kichwa kinabana kibofu kwa saa nyingi, damu haipiti, nyama zinakufa. Mara nyingi mtoto anapotea, mama anabaki akivuja mkojo. Ndiyo fistula hiyo.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema sentimita 1 kwa saa ni kasi kubwa mno kwa baadhi ya wanawake. Kuanzia sentimita 5, uchungu wa uzazi wa kwanza kwa kawaida hauzidi saa 12. Mwaka 2020 likatoa karatasi mpya isiyo na mistari ile. Kila sentimita ina muda wake wa kungoja, mfano saa 6 kwenye sentimita 5. Mimi naafiki, wanawake wasipasuliwe bure.

Ila safari iko palepale. Mkunga wangu amewahi kufanya kazi Meatu, anaujua udongo mweusi unavyoshika magurudumu mvua ikinyesha. Siku hizi anapiga 115, namba ya m-mama, kuita usafiri. Lakini aliniambia bado huangalia mawingu kwanza, halafu sentimita.