Mabati ya Webuye

Ukifika Webuye, angalia mapaa kwanza. Mabati ya nyumba za zamani yameliwa na kutu, mengine yametoboka kama chujio la chai, na wenyeji watakwambia bila kusita kwamba ni moshi wa Panpaper. Walilalamikia moshi huo miaka na miaka. Kisha 2009 kiwanda kikafungwa, moshi ukakata, na hapo ndipo mji ukaanza kuisha.

Zamani mji huu uliitwa Broderick Falls, kwa sababu ya maporomoko ya mto Nzoia. Reli ya kwenda Uganda ilipita hapa, lakini kilichoujaza watu ni karatasi. Serikali ya Kenya iliweka pesa pamoja na kampuni ya Orient Paper Mills kutoka India, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 mitambo ilikuwa inanguruma. Maji ya Nzoia, miti ya misitu kama Turbo. Daftari nililochorea magari nikiwa darasa la kwanza huenda lilianzia hapa.

Nyanya yangu, Kukhu, alikuwa na kibanda cha chai karibu na geti. Watu wa shifti ya usiku walikula kwa deni, wakalipa mwisho wa mwezi. Kiwanda kilinuka mayai viza.

"Hiyo harufu ndiyo ilikuwa mshahara," anasema. "Siku haikunuka, tuliogopa."

Kilipofungwa alihamia kwetu Kayole. Mwaka huu akaomba nimrudishe, aone tu. Kwetu, aliyeacha chuo ndiye husindikiza wazee, kwa hivyo tukapanda matatu. Kwa mkoba alibeba daftari lake la madeni.

Serikali ilijaribu kukifufua kiwanda, kikawaka kidogo, kikazima. Mwaka 2016 kikauzwa kwa familia ya Rai. Ukisoma habari za Panpaper utakutana na hisa na mikopo ya mabilioni. Madeni ya chai hayamo, ingawa mimi naona hayo ndiyo yanaonyesha nani aliishi hapa.

Daftari lina majina 31. Tulizunguka siku mbili, Kukhu akiuliza nyumba kwa nyumba. Wengi walirudi makwao. Wengine, jirani alitikisa tu kichwa, na Kukhu akachora msalaba kando ya jina. Waliokuwa hai na tukawapata ni sita.

Sokoni tukampata mjane wa mmoja wao akiuza sukuma.

"Mulembe, mama," Kukhu akamsalimia, akafungua ukurasa.

Yule mama akatazama jina la mumewe muda mrefu.

"Alikuwa anadaiwa ngapi?"

"Mia tatu na ishirini. Lakini sikuja kuchukua pesa. Nilitaka kujua yuko wapi."

Akachora msalaba. Mama akafunga fungu la sukuma, akamsukumia.

"Chukua. Lakini ukweli, Mama Chai, mandazi zako zilikuwa ndogo."