Tope, Mwani na Maji ya Samaki Machakos

Huko Machakos, hali ya maji ilianza kufuatiliwa kwa sababu ya udongo, miongo mingi kabla ya ufugaji wa samaki kuenea. Katika miaka ya 1930, Colin Maher, ofisa wa hifadhi ya udongo wa serikali ya kikoloni, alieleza ukubwa wa mmomonyoko Ukambani, na amri ya kupunguza mifugo iliyofuata iliwafanya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waandamane hadi Nairobi mwaka 1938. Mabishano yale yalihusu malisho. Hata hivyo, matuta ya mashambani na silanga, yaani mabwawa ya udongo yanayokinga maji ya mvua, viliathiri pia maji ambayo baadaye yangemfikia mfugaji wa samaki, kwa kuwa tope huzuia mwanga wa jua, na pasipo mwanga mwani, yaani mimea midogo mno inayoelea majini, hauwezi kutoa oksijeni wanayoihitaji samaki.

Bwawa la Masinga lilipokamilika katika Mto Tana mwaka 1981, tope lilipata wapimaji, ingawa hofu yao kubwa ilikuwa tope kupunguza maji ya kuzalisha umeme na wala si perege, kambare na kapi waliovuliwa humo.

Ufugaji wenyewe ulichelewa. Perege walikuwa wakifugwa Kenya tangu miaka ya 1920, na kituo cha Sagana kilifunguliwa mwaka 1948, lakini nchi kame haikuvutia wachimbaji wa mabwawa hadi serikali ilipoanzisha mwaka 2009 mpango wa kufufua uchumi, uliolenga mabwawa 200 ya mita za mraba 300 katika kila mojawapo ya majimbo 140 ya uchaguzi. Penye udongo wa kichanga ililazimu kutandika karatasi ya nailoni ili maji yasipotelee ardhini.

Sheria zilikuwa zimekwisha kutangulia, zikisukumwa na mambo ya mbali. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria kwa shaka ya sumu iliyotumiwa kuvulia, na usalama wa samaki ukawa suala la taifa. Kanuni za ubora wa maji zilizoanza kutumika Julai 2007 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita cha oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu katika majitaka yanayomwagwa. Kipimo hicho kinaufaa Mto Athi, unaopokea maji ya Mto Nairobi na ya viwanda, kuliko kinavyomfaa mwenye bwawa moja, ambaye adui wake ni mbolea na chakula alivyovitia mwenyewe.

Mfugaji huyo hutumbukiza mkono majini hadi kwenye kiwiko: kiganja kikipotea mapema mno, mwani umezidi. Mbinu hiyo ni jamaa wa sahani nyeupe ya kupimia uangavu wa maji ambayo Angelo Secchi aliishusha baharini huko Italia mwaka 1865. Hatari huja alfajiri, baada ya mwani kuvuta oksijeni usiku kucha, samaki wanapopanda juu wakihema. Ushauri wa kawaida ni kubadilisha maji, ushauri unaofaa penye mito isiyokauka. Machakos, ambako maji hayo huenda yakanunuliwa, huwa nafuu kusitisha mbolea na kupunguza chakula mpaka rangi ya kijani ififie.